Fundi wa kwato asiyeona ng'ombe wakitembea

Saa tatu asubuhi, maziwa yamekwisha kukamuliwa na kumiminwa tangini, na Numazaki Kohei amepiga goti kwenye nyasi kavu za banda la Mama Fusae. Mguu wa nyuma wa ng'ombe umeinuliwa kwa mkanda mbele ya uso wake. Nje ni nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Humu ndani kuna joto la pumzi za ng'ombe thelathini na mmoja, na redio ya zamani inayosema peke yake juu ya dirisha.

Anakwangua unyayo kwa kisu chenye ncha iliyokunjwa. Vipande vyeupe vinaanguka kama maganda ya muhogo. Anabonyeza kwa kidole gumba, anakwangua tena kidogo, anabonyeza. Kisha anabonyeza mara ya tatu, pale pale.

"Kidonda kimefunga," anasema hatimaye. "Kimefunga vizuri kabisa."

"Kama kimefunga, mbona bado anaamka kama mimi?" anauliza mwenye ng'ombe, Tatsuoka Fusae, ameegemea beleshi. "Kwanza goti, halafu mawazo, halafu ndiyo tunainuka."

Numazaki hacheki. Siku kumi na mbili zilizopita yeye mwenyewe alikigundua kidonda hicho katika mguu wa kushoto wa nyuma, akakisafisha, akabandika kibao cha mbao chini ya ukwato wa pili ulio mzima ili ule mgonjwa upumzike hewani. Ng'ombe ana kwato mbili kwa kila mguu, na hiyo ni bahati ambayo farasi hana. Ilipaswa iwe imekwisha.

Ng'ombe huyo anaitwa Nazuna, ana miaka sita, na siku zilizobaki kwake ni tatu. Jumamosi asubuhi lori linakuja.

Mama Fusae ana miaka sabini na miwili. Mumewe alifariki miaka saba iliyopita, na tangu hapo amekamua peke yake mara mbili kwa siku, bila kukosa hata siku ya mazishi. Msimu huu mabega yamegoma. Katika kitongoji cha Toyosato, mashariki ya kisiwa cha Hokkaido, yeye ndiye wa mwisho kufunga banda upande huu wa mto. Ng'ombe wake wamechukuliwa na kijana mmoja na mkewe wenye banda kubwa upande wa Shibecha, kwa sharti moja: ng'ombe apande lorini kwa miguu yake mwenyewe. Anayepanda, wanamchukua, hata akiwa na kibao. Asiyeweza atasubiri gari la pili mchana, na gari hilo linakwenda machinjioni.

Kwa kawaida, mtu anayefunga banda hapa humwita fundi wa kwato mara ya mwisho. Hakuna sheria inayosema hivyo, wala mnunuzi hadai. Kwato zote husafishwa, miguu mia na zaidi, kisha ndipo ng'ombe waage. Baadhi ya vijana husema ni kupoteza pesa.

"Binti haendi kuolewa amevaa viatu vya kuazima," anasema Mama Fusae. "Waondoke wamesimama sawa. Huko waendako wasije wakasema ng'ombe wa Tatsuoka walikuwa yatima."

Numazaki ana miaka sitini na mmoja, na kati ya hiyo arobaini na mmoja ameipitisha chini ya ng'ombe. Ni mfupi, mpana wa mabega, mgongo umeanza kuchukua umbo la kazi. Amevunjika mbavu mara mbili. Kipande cha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto alikiacha banda fulani mwaka ambao hataki kuukumbuka. Kwa siku hukata kwato za ng'ombe kumi na watano, kila mmoja karibu kilo mia saba, na kila mmoja ana maoni yake kuhusu kushikwa mguu.

Alipoanza, daftari lake lilikuwa na mabanda sitini na matatu. Leo ni kumi na tisa, na Jumamosi yatabaki kumi na nane. Kati ya banda na banda kuna barabara iliyonyooka, miti ya larch, aina ya msonobari, isiyo na majani wakati huu, na yeye na redio ya gari. Mchana hula matonge mawili ya wali yenye samaki ndani, ameegesha pembeni, injini ikiunguruma ili asigande. Binti yake aliye mjini Sendai humpigia simu kila Jumapili.

"Ananiuliza nimekula nini, nami namuuliza kuna baridi kiasi gani huko," anasema. "Dakika tatu. Tukifika nne ujue kuna msiba."

Kazi hii ina kilema chake, na anakieleza mwenyewe bila kujitetea. Fundi wa kwato hutazama unyayo, tena uliopinduliwa. Akimaliza mguu wa nne, ng'ombe hufunguliwa akaenda zake, naye tayari ameshainama chini ya mwingine.

"Kwato nimeshika mpaka hesabu imenipotea," anasema. "Ng'ombe akitembea, sijui kama nimeona mia."

Aliyekuwa anaona ni mkewe, Setsuyo. Kwa miaka ishirini na sita alisimama mwisho wa ujia wa banda, amevaa buti nyekundu, daftari mkononi, akiwatazama wakija na wakienda. Kabla mumewe hajashika kisu, alikuwa ameshampa maneno matatu: "Kulia, nyuma, nje." Numazaki alikuwa akienda moja kwa moja pale pale. Katika daftari, kwenye safu iliyoandikwa "mwendo", Setsuyo alichora duara kwa anayetembea vizuri, pembetatu kwa anayetiliwa shaka, na alama ya mkasi kwa anayechechemea. Watu wakimsifu Numazaki kwamba ana jicho, Setsuyo alikuwa akitazama dari.

Alifariki mwezi wa kumi, miaka minne iliyopita, kwa ugonjwa wa kongosho uliomchukua wiki tisa tu. Daftari limeendelea. Tarehe zipo, namba za ng'ombe zipo, miguu ipo. Safu ya mwendo ni nyeupe, ukurasa baada ya ukurasa, miaka minne mizima.

Ndiyo maana asubuhi hii, mbele ya kidonda kilichopona na ng'ombe asiyepona, Numazaki anajikuta akigeuka kutazama mwisho wa ujia. Amefanya hivyo mara nyingi tangu mwezi ule wa kumi. Pale kuna ndoo na ufagio.

"Mama Fusae, huyu anatembeaje?" anauliza.

"Nitajuaje? Tangu mwezi wa kumi na moja wamefungwa shingo hapo hapo walipo, theluji yote hii. Mimi naona wakila mbele na nikikamua nyuma. Kutembea tutakuona wapi?" Anamkazia macho. "Nyani haoni kundule, Fundi, lakini wewe kazi yako si kukaa nyuma ya ng'ombe?"

Hilo linamfikia. Anauteremsha mguu wa Nazuna, anafuta kisu kwenye suruali, anasimama.

Mjomba wake aliyemfundisha kazi alikuwa na macho mabovu. Majira ya baridi mzee yule hakukata ukwato wowote kabla ya kumpitisha ng'ombe juu ya theluji mpya, kisha kuinama na kusoma nyayo, pua ikikaribia kugusa chini. Wenzake walimcheka. Numazaki aliachana na mambo hayo siku alipooa, kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na macho mazima mawili.

Usiku wa kuamkia leo imeanguka theluji kiasi cha upana wa kidole. Kati ya banda na ghala hakuna aliyepita isipokuwa paka.

"Mtoe nje," anasema. "Polepole. Mimi nitakuja nyuma."

Mama Fusae anamvisha Nazuna hatamu, anamnong'oneza jambo, na wote wawili, wazee wa magoti, wanatoka kwenye mwanga mkali. Ng'ombe anasita mlangoni. Hajaona mbingu kwa miezi minne. Anapumua moshi, kisha anatembea, hatua ishirini mpaka ghalani.

Numazaki hamtazami ng'ombe. Anatazama chini.

Ng'ombe mzima hurudia njia yake: mguu wa nyuma huingia pale pale ulipokanyaga wa mbele, alama juu ya alama. Upande wa kushoto, ule aliouuguza, ndivyo ilivyo. Upande wa kulia sivyo. Hapo mguu wa nyuma umetua nyuma ya ule wa mbele kwa kiganja kizima, umepinda kwenda nje, na alama ya ukwato wa nje ni nyepesi, kama ya mtu anayepita chumba chenye mtoto aliyelala. Ukwato wa ndani umezama hadi kwenye barafu.

Kulia, nyuma, nje.

Siku kumi na mbili zilizopita alikuta kidonda kushoto akaridhika. Mguu wa kulia aliupitishia kisu juu juu, ukaonekana safi, hakuubana kwa koleo kusikia kama unauma. Kosa hilo halina maelezo marefu. Aliona tundu moja akaacha kutafuta la pili, na kwa siku zote hizo ng'ombe alisimama kwa maumivu juu ya mguu ambao kila mtu aliudhania mzima.

Anavua kofia. Anainama mbele ya Mama Fusae mpaka mgongo unakuwa sawa na ardhi, na hainuki.

"Nimekosa," anasema akitazama buti zake. "Ulikuwa upande wa pili. Sikuangalia. Nimemtesa ng'ombe wako bure."

Mama Fusae anashika hatamu kwa mkono mmoja na kwa mwingine anajifuta pua.

"Inua kichwa, Fundi. Theluji itakuingia shingoni," anasema. "Na mimi nilikuwa namwona kila siku asubuhi na jioni. Kama ni kuinama, tutainama wawili, na hapo nani atatuinua?"

Wanamrudisha ndani. Safari hii Numazaki anaubana mguu wa kulia kwa koleo, na Nazuna anarusha teke ambalo lingetosha kuvunja ubavu wa tatu. Kisu kinafuata mstari mwembamba mweusi pembeni mwa unyayo, mstari usiozidi unywele. Kwa kina cha nusu kidole usaha wa kijivu unaruka, na harufu yake inamfanya hata Mama Fusae ageuke. Ng'ombe anashusha pumzi ndefu, na masikio yake yanalegea.

"Pole, mama," Numazaki anamwambia, na hasemi na Mama Fusae.

Kazi iliyobaki ni kibao cha pili, na gundi haikamati kwenye baridi. Mama Fusae anakwenda nyumbani na kurudi na mashine yake ya kukaushia nywele, ya rangi ya waridi, na waya wa umeme wa mita kumi. Anapiga magoti kwenye mavi na kuupulizia ukwato wa ng'ombe upepo wa moto kwa dakika saba.

"Mwenyewe sijaitumia tangu harusi ya mpwa wangu," anasema. "Angalau mmoja wetu atapendeza."

Wafugaji wa hapa huviita vibao hivyo mitalawanda, kwa sababu ng'ombe aliyebandikwa husikika akigonga sakafu kama mtu aliyevaa viatu vya mbao. Nazuna sasa anavyo viwili, kushoto na kulia, kila kimoja chini ya ukwato wa ndani ulio mzima. Anagonga tak, tak, anageuka kuangalia nyuma yake kuna nani.

Siku tatu zile Numazaki alikata kwato katika mabanda mengine, lakini anakiri kwamba akili haikuwa huko. Alhamisi jioni alipika supu ya miso, ile ya soya iliyochachuka, na samaki wa chumvi kwa watu wawili, akagundua alipokuwa anapakua. Alikuwa hajafanya hivyo tangu mwaka wa kwanza wa ugane. Akaila yote, kwa sababu kumwaga chakula Setsuyo alikuwa hataki. Mlangoni, buti nyekundu ziko palepale. Jirani mmoja alimshauri azigawe. Akamjibu kwamba hajapata mwenye mguu wake.

Jumamosi anafika saa mbili kasorobo. Hakuitwa, na bei ya kazi ilikwisha kutajwa siku ile. Lori limeshaegeshwa, ngazi yake ya mbao imeshuka, na dereva, mtu mkimya aliyezoea asubuhi za namna hii, anaweka majani ngazini wasiteleze.

Usiku theluji imeanguka tena.

Wanatoka mmoja mmoja. Mama Fusae anataja jina la kila anayepita, kwa sauti ya kawaida, kama mwalimu anayeita orodha. Thelathini wanapanda. Nazuna amewekwa wa mwisho, ili akishindwa asizuie wengine.

Anatoka akigonga kwenye saruji, tak, tak, kisha theluji inameza sauti. Numazaki yuko nyuma yake, ameinama, kiganja juu ya goti. Hatua ya kwanza. Ya pili. Kulia, mguu wa nyuma unaingia kwenye alama ya mguu wa mbele. Si katikati kabisa, lakini umo. Hatua ya sita, umo. Ya kumi, umo.

Chini ya ngazi anasimama. Dereva anamtazama fundi, fundi anamtazama ng'ombe. Mama Fusae hamvuti hatamu wala hamsukumi.

"Haya, Nazuna," anasema tu. "Usiwacheleweshe wenzio."

Nazuna anaweka mtalawanda wa kwanza kwenye ubao. Anapanda.

Numazaki anageuza uso kuelekea ghala, anajishughulisha na kufunga zipu ya koti ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

Dereva anapoinua ngazi, Mama Fusae anamgusa fundi kiwiko. "Yule Sumire, wa tatu kutoka nyuma," anasema. "Mguu wa mbele kulia anauonea huruma. Si sana. Hatua yake ya nne ilikuwa fupi. Waambie huko waangalie."

Numazaki alikuwa hapo hapo, hatua tatu nyuma ya Sumire. Hakuona kitu.

"Umeona saa ngapi?"

"Si amepita mbele yangu?"

Lori linaondoka polepole, likitoa milio ya ng'ombe kupitia mianya. Mama Fusae hainui mkono kuaga. Likishapotea nyuma ya miti, anaingia bandani na kutoka na makopo mawili ya kahawa aliyoyapasha kwenye ndoo ya maji moto. Ndivyo wafugaji wa hapa wanavyosema asante. Wanakunywa wamesimama kwenye mlango wa banda. Redio ndani inatangaza hali ya hewa kwa vizimba vitupu.

"Leo jioni saa kumi na moja," anasema Mama Fusae akilitazama kopo, "sijui mikono hii nitaiweka wapi."

Numazaki alitaka kusema jambo hapo. Anakiri hivyo mwenyewe, siku ya pili yake, akiwa mezani kwake, daftari limefunguliwa. Badala yake akasema kahawa ni nzuri, akawasha gari.

"Huku kwetu mjane akionekana kwenye gari la mgane, habari inafika ofisi za ushirika kabla ya gari lenyewe," anasema. "Na yeye ni mtu wa heshima. Nitamwambia nini? Njoo usimame kwenye baridi unitazamie ng'ombe wa watu?"

Anazungusha kalamu. Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo analijua kuliko yeyote, na Nazuna angekwenda machinjioni kwa sababu hiyo. Theluji imemsaidia mara hii, lakini mwezi wa nne itayeyuka, na matope hayasomeki. Amefikiria kunyunyiza chokaa kwenye ujia wa kila banda, apate kuona nyayo juu ya weupe. Ameshanunua mfuko mmoja wa kujaribia. Chokaa, anasema, haimwambii mtu hatua ya nne ilikuwa fupi.

Katika daftari, safu ya mwendo ina alama mbili mpya, za kwanza baada ya miaka minne. Mbele ya jina la Nazuna kuna duara, lililochorwa kwa mkono usiozoea. Mbele ya Sumire kuna pembetatu.

Kesho, Jumatatu, anakwenda kwa kijana yule wa Shibecha. Atakagua vibao vya Nazuna na kuangalia mguu wa Sumire. Banda la huko ni la ng'ombe kutembea huru, mia mbili na zaidi, na yeye hawajui kwa sura. Atahitaji mtu wa kumwonyesha yupi ni yupi. Amelifikiria hilo usiku kucha, anasema, na halina aibu ndani yake: mtu anapelekwa kuwaona ng'ombe wake, basi.

Sanduku la vifaa lililokuwa kwenye kiti cha abiria, miaka minne, amelihamishia nyuma jioni hii. Kiti amekipangusa.

Anamuuliza mwandishi gazeti hili litatoka siku gani. Anaambiwa Jumatano, siku mbili baada ya safari yake.

"Basi sawa, andika," anasema. "Njia ya Shibecha inapita mbele ya nyumba yake. Nikifika pale nitapunguza mwendo. Akiwa nje, nitasimama."